Kidole Kilichoumwa na Kifua-chekundu

Haapaperä, 8 Desemba 1974

Mume wangu Tauno,

Nimeandika "mume wangu", nikaweka kalamu chini, nikacheka peke yangu hapa jikoni. Mama yako akauliza, "Una nini wewe?" Nikasema kahawa imenipalia. Ningemwambiaje kwamba bado nayamung'unya maneno hayo kama peremende? Mume wangu, mume wangu! Haya, nimeridhika. Sasa nitaandika kama mtu mwenye akili zake.

Boti ilipokuchukua nilibaki gatini mpaka miguu ikafa ganzi. Oktoba tulioana, Novemba ukaondoka, nani aliyeona ndoa ya namna hii? Usiku nalala upande wako wa kitanda na kuuacha wangu wazi, ili nikishtuka nidhani ni mimi niliyesafiri, na wewe upo, unaningoja. Usinicheke.

Najua kwa nini uko huko. Najikumbusha kila asubuhi nikiwasha jiko: ukimaliza majira yote ya baridi kisiwani bila kuondoka, wanakupa kituo cha hali ya hewa cha bara chenye nyumba ya watu wawili. Ukiondoka katikati, nafasi anapewa mwingine. Nimeshachagua dirisha litakalotazama meza yetu ya ndege. Nyumba yenyewe sijaiona, lakini dirisha nimeshalichagua.

Hapa Mama ananifundisha kazi. Asubuhi tunamwaga mbegu za alizeti mezani na kutundika kipande cha mafuta ya ng'ombe, kisha tunafungua ule wavu mwembamba kati ya miti miwili. Baridi ikizidi nyuzi kumi chini ya sifuri hatutegi, ndege wasije wakafa mikononi mwetu. Nimejifunza kumshika: shingo kati ya vidole viwili, mgongo kiganjani. "Usimkamue!" Mama ananifokea. "Huyo si chuchu ya ng'ombe!" Mwenye kifua cha njano ana hasira kama karani. Mwenye kofia nyeusi ni mpole, na mzito kuliko barua kidogo tu. Ninapomvisha mguuni ile pete yenye namba, ili ajulikane akishikwa tena, moyo wake unanidundia kidoleni, nami naufikiria wako, kila mara wako.

Ni kifua-chekundu peke yake ambaye sijamgusa. Mama amesema huyo hashikwi na mtu yeyote hapa nyumbani isipokuwa yeye.

Reino wa posta ameniona mlangoni mara nyingi mno. Jana alipaza sauti toka barabarani: "Bi harusi! Bahari haijaganda bado, na wewe usigande hapo!"

Ukiipata barua hii, ibusu. Mimi nimeshaibusu, ukitazama vizuri utaona mahali penyewe.

Wako, wako, wako,
Kaisu

---

Kisiwa cha Tuulikari, 19 Desemba 1974

Kaisu mpenzi,

Barua yako imeletwa na sleji ya kwanza juu ya barafu. Nimepaona mahali penyewe.

Upepo wa kaskazini-magharibi. Tunapima hali ya hewa kila saa tatu, usiku na mchana, na kuituma kwa redio. Redio hiyo ni ya hali ya hewa tu. Nilimwuliza Arvi, mwenzangu, kama naweza kupenyeza neno moja la kwako katikati ya tarakimu. Akasema, "Penyeza, na mabaharia wote wa ghuba watajua unamwitaje mkeo." Nikaacha.

Nimetengeneza meza ya ndege kwa kreti ya samaki. Kwa muda mrefu hakuja ndege yeyote. Juzi alikuja mmoja mdogo mwenye paji jekundu, akaingia mwenyewe kwenye kibanda cha vipimo, nikamshika kwa kofia. Alikuwa na pete! Nilijiambia, huyu ametoka kwetu, amekula mezani kwa Kaisu. Nikasoma. Pete ya Kirusi. Nimeiandika kama ilivyo, kwa sababu Mama alinifundisha kwamba tunaandika tulichokiona, si tulichokitamani. Lakini nilitamani sana.

Mama hajambo? Kila Krismasi huniandikia mstari mmoja. Mwaka huu sijaupata bado.

Natamani kujua kama vidole vyako vina joto.

Tauno

---

Haapaperä, 28 Desemba 1974

Dada Anneli,

Soma barua hii ukiwa peke yako, na usimsomee shemeji.

Mama mkwe haoni.

Si kwamba ni kipofu kabisa. Anaona dirisha, anaona theluji, anajua mimi ni mimi. Lakini vitu vidogo vimemtoka. Nilianza kushuku pale alipotia chumvi kwenye kahawa akaniambia ni mtindo wa kwao kaskazini. Nikainywa, mjinga mimi! Kisha siku mbili kabla ya Krismasi nikatoa wavuni kofia-nyeusi mwenye pete miguu yote miwili. Ndege mmoja, pete mbili, Anneli! Kwa watu wa kazi hii hilo ni sawa na kuandikisha mtoto mmoja kanisani mara mbili kwa majina tofauti. Pete ya kwanza ilikuwa ya mwaka jana. Ya pili Mama alimvisha wiki ile ile.

Nikasema, "Mama, huyu ana pete mbili."

Alinyoosha mkono, nikamsogezea ndege, naye akampapasa mguu mmoja kwa ncha ya kidole, kisha wa pili. Halafu akalitoa lile koleo dogo la kubania pete mfukoni mwake, akanitia mkononi, akasema, "Leseni ya pete ni yangu. Macho yatakuwa yako."

Jioni, tukioga mvuke kwenye sauna, ndipo aliponisimulia. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa mjini anaweza kumpasua, lakini Mama hataki mpaka ndege waondoke mezani wakati wa machipuko. Tukishaanza kuwalisha hatuwezi kuacha, ndivyo anavyosema, maana wameshaacha kutafuta kwingine. Kisha akanishika kifundo cha mkono. "Tauno asijue. Akijua atakuja hata kwa miguu, na ile nafasi itapotea. Baba yake alikuwa kibarua wa msimu mpaka alipokufa, hakuwahi kupata kazi ya kudumu hata siku moja. Niapie."

Nikaapa. Ningefanyaje, nilikuwa uchi na nina sabuni machoni!

Lakini sikia, dada yangu. Kila ninapokaa kumwandikia, naijua sentensi moja ambayo ingemleta. Maneno mawili tu. Naandika habari za theluji na za supu ya njegere, na sentensi hiyo imekaa ulimini kama jiwe. Namtaka aje, Anneli. Namtaka mpaka nanusa koti lake la zamani lililo nyuma ya mlango, na harufu yake inaisha, nahofia naimaliza mimi mwenyewe kwa kunusa.

Mdogo wako,
Kaisu

---

Helsinki, 4 Januari 1975

Wewe Kaisu,

Umeolewa na mwanamume au na meza ya ndege? Iandike hiyo sentensi leo! Nafasi za kazi zipo nyingi, mume unaye mmoja. Tena mama ni wake, ana haki ya kujua. Siku akijua, na atajua, atamwuliza nani? Mama yake? Atakuuliza wewe.

Wakati mwingine usikubali kuapishwa ukiwa uchi.

Nimekutumia soksi. Shemeji yako anakusalimu, sijamsomea.

Anneli

---

Haapaperä, 12 Januari 1975

Mume wangu, roho yangu,

Heri ya mwaka mpya! Nimekusamehe yule ndege wa Kirusi. Siku nyingine ukimshika mmoja ukatamani awe wetu, mnong'oneze jina langu kabla hujamwachia, huwezi kujua anapitia wapi.

Huku kumenoga. Theluji imefika dirishani, na tukichota njia ya kwenda mezani tunatembea kama ndani ya mtaro. Mama hajambo kabisa, ana nguvu, ananifokea kutwa. Jana kaniambia natembea kama tembo aliyevaa skii. Nikamwuliza amemwona wapi tembo, akasema, "Namsikia sasa hivi."

Nimekuwa hodari, Tauno! Nasoma pete kabla hujamaliza kupiga chafya. Nimemshika kichwa-buluu aliyenidonoa kwenye ngozi ya ukucha mpaka nikalia, kisha kifua-chekundu akaniuma kidole cha shahada, akang'ang'ania hapo kama koleo, na mdomo wake ule mfupi mnene! Alama bado ipo. Lakini ni mzuri mno. Kifua chake ni kama mkaa uliopulizwa. Nilipomfungulia kiganja hakuruka mara moja. Alikaa akinitazama, kama asiyejua kwamba ameachiwa.

Mama anasema hakuandika mstari wa Krismasi kwa sababu ya kazi nyingi. Anakusalimu sana.

Usiku naota ile nyumba ya watu wawili. Kwenye ndoto haina milango, ina madirisha tu, na wewe unapita nje kila mara na kofia imejaa theluji, nami natafuta pa kukuingizia. Nikiamka naumwa kifua kwa kukutamani. Lakini usijali, nina furaha, nina furaha sana.

Wako mpaka barafu iyeyuke, na baada ya hapo zaidi,
Kaisu

---

Tuulikari, 1 Februari 1975

Kaisu,

Barua imefika. Upepo umetulia, baridi kali. Arvi ana jino bovu na haongei, kwa hiyo kuna utulivu wa aina mbili.

Kidole kimepona? Kifua-chekundu huuma vibaya.

Mwambie Mama aniandikie mstari wake. Mmoja unatosha. Kwa mkono wake.

Tauno

---

Haapaperä, 15 Februari 1975

Mwanangu Tauno,

Anayeandika ni mkeo, kwa sababu nimejikata kidole gumba kwa kisu cha mkate. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia aandike kila neno.

Mimi ni mzima. Ng'ombe ni wazima. Ndege ni wengi. Mkeo anajifunza. Mikono yake si mibaya. Mwanzoni nilidhani ni msichana wa kupiga kelele tu. Anauliza, na hilo aliandike? Ndiyo, andika, kwani uongo?

Wewe kaa hapo ulipo. Fanya kazi yako. Usifikirie ya huku. Baba yako angefurahi. Basi. Soma nisikie. Haya, hayo maneno ya "basi, soma nisikie" usiyaandike. Umeshayaandika? Mtoto huyu!

Mama yako,
Lempi

Tauno mpenzi, hapo juu ni maneno ya Mama yote, sikuongeza, sikupunguza. Chini hapa ni yangu, naye amekwenda kulala. Nina ukurasa mzima mtupu mbele yangu, na mengi ya kuandika. Naandika moja tu: nakupenda.

Kaisu

---

Haapaperä, 9 Machi 1975

Dada Anneli,

Tauno hajajibu. Reino anapita na kutikisa kichwa tangu mbali, siku hizi hanitanii hata. Jana alishuka kwenye sleji yake ya kusukuma kwa mguu akaniambia polepole, "Bi harusi, labda ni dhoruba." Alipoacha utani ndipo nilipoogopa kweli.

Najua amekasirika. Aliomba mstari mmoja kwa mkono wa mama yake, nami nikampelekea mwandiko wangu na kidole gumba kisichokuwa na hata mkwaruzo. Mimi niliyemwapia kanisani, nimemwandikia uongo kwa mwandiko mzuri wa shule!

Kwa hiyo leo nimekata shauri kukusikiliza. Nilichukua kadi, nikaandika: "Mama haoni. Njoo." Nikaenda nayo hadi kwenye sanduku la posta kule njia panda. Niliitia nusu. Nusu ilikuwa ndani, nusu nimeishika. Nikafikiri namna atakavyokuja: atafunga skii, atavuka barafu, ataingia pale mlangoni, nitamrukia shingoni. Nikaiona sura yake baada ya hapo, miaka kumi baadaye, kibarua wa msimu kama baba yake, ananitazama mezani bila kunilaumu. Hangenilaumu kamwe, Anneli. Ndivyo alivyo. Na hilo ndilo nisingelivumilia.

Nikaichomoa, nikarudi nayo, nikaitia jikoni. Mama akanusa. "Umechoma karatasi?"

"Ndiyo, Mama."

"Ya nini?"

"Ya kuwashia."

Jiko lilikuwa limewaka tangu alfajiri. Akapapasa meza mpaka akaupata mkono wangu, akaushika. Nami nikalia kwa raha zangu zote, kwa sababu yeye haoni na mimi nilisahau kwamba anasikia.

Kaisu

---

Tuulikari, 5 Aprili 1975

Kaisu mke wangu,

Hii ni barua ya mwisho kabla barafu haijaoza. Sleji inaondoka baada ya saa moja, na dereva ananung'unika. Kwa hiyo nitaandika haraka na sitasoma tena.

Nilijua tangu Januari. Kifua-chekundu alikuuma kidole. Nilipokuwa na miaka sita mmoja aliniuma nikamtupa chini, akafa. Tangu siku hiyo Mama hakumwachia mtu yeyote amshike, si mimi, si baba, hata siku ile yeye mwenyewe alipokuwa na homa ya mapafu. Nikasoma barua yako tena. Wewe ndiye unayesoma pete. Wewe ndiye unayemtoa kifua-chekundu wavuni. Mama anamsikia tembo, hamwoni. Sikuhitaji kuambiwa.

Nilikukasirikia. Nataka ulijue hilo. Nilipopata ile barua ya kidole gumba nilifunga mkoba, nikavaa skii, nikateremka kwenye barafu. Arvi alinifuata mpaka ukingoni, akasema, "Unakwenda kwa sababu umeitwa au kwa sababu huwezi kukaa?" Nilimtukana. Nikaenda mpaka kwenye alama ya mwisho ya njia, mahali ambapo ukigeuka unakiona kisiwa na ukitazama mbele huoni kitu.

Nikaisoma tena barua pale pale, kwenye upepo. Ulikuwa na ukurasa mtupu na Mama amelala. Ungeweza kuandika chochote, asingejua. Na najua ulivyotaka, Kaisu. Barua zako zote tangu Desemba zinaniita, kila mstari, ila hakuna hata mmoja uliotamka neno lenyewe. Nikasema, mtu anayeweza kushikilia namna hii bila kuniita, nisimlegezee upande wangu. Nikarudi. Nilishindwa kukuandikia kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa "nakuja".

Kituo cha bara nimekipata. Karatasi imetiwa saini. Nyumba ina vyumba viwili na chumba kidogo nyuma ya jiko, niliuliza kwa makusudi. Boti ya kwanza inategemewa mwanzoni mwa Mei.

Mpeleke Mama kwa daktari. Mwambie nimesema. La, usimwambie nimesema, mwambie ndege wameondoka, kwani najua hatawaacha.

Kila usiku saa ya kipimo natoka nje na taa, nasoma baridi ni nyuzi ngapi, kisha nalitamka jina lako. Arvi anadhani ni sehemu ya kazi.

Tauno wako

---

Haapaperä, 3 Mei 1975

Mume wangu,

Reino alipoileta barua yako hakufuata njia, alipita katikati ya tope akiipunga juu na kupiga kelele, "Bi harusi, ameandika! Tena nene!" Niliisomea nyuma ya zizi, nikakaa chini kwenye unyevu, nikacheka na kulia mpaka ng'ombe wakanijibu. Ulikuja mpaka kwenye alama ya mwisho! Na mimi nilifika mpaka kwenye sanduku la posta, nikaitia kadi nusu, nikaichomoa. Siku nyingine nitakueleza. Bila shaka tulikutana mahali fulani katikati, hatukuonana tu kwa sababu ya theluji.

Mama ameshapasuliwa. Nilimwambia ndege wameondoka. Akasema, "Mwongo, nawasikia," lakini akavaa koti. Kwanza jicho moja, la pili watalifanya baadaye. Wamempa miwani mizito kama vitako vya chupa. Walipoifungua bandeji nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake. Alinitazama usoni muda mrefu mno, nikaanza kuona haya.

"Kumbe una madoadoa puani," akasema.

"Ninayo tangu utotoni, Mama."

"Tauno hakuniambia." Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, kama anavyogeuza ndege anapomchunguza umri. "Siku ya harusi niliona shela jeupe na kitu chekundu juu yake, nikadhani ni maua. Kumbe ni nywele."

Tauno, hakuwa ameniona kamwe! Majira yote ya baridi ameishi na sauti yangu na mikono yangu. Akanitazama tena, akasema, "Basi. Amechagua vizuri," kisha akaomba kahawa, akatia sukari mwenyewe, na ilikuwa sukari kweli.

Chumba kidogo nyuma ya jiko amekikataa. Anasema atabaki na meza yake na ndege wake, na tukitaka kumwona tupande basi kama watu wengine. Ila ameuliza dirisha la chumba hicho linatazama upande gani. Nimemwambia nitakuuliza.

Jana tulikunja wavu kwa mara ya mwisho. Kulikuwa na kifua-chekundu mmoja tu, aliyechelewa kurudi msituni. Nilimsogezea Mama, nikidhani atamtaka mwenyewe sasa. Akaweka mikono yake mgongoni. "Mshike wewe," akasema, "mimi nataka kutazama." Akaniuma, bila shaka, kidole kile kile. Nikamfungulia kiganja, akakaa kidogo, akaenda.

Barua hii naileta gatini mwenyewe. Itapanda boti ile ile inayokwenda kukuchukua, kwa hiyo utakapoisoma utakuwa tayari umo njiani, na hakuna tena cha kupoteza wala mtu wa kufichwa jambo. Nimevaa gauni la buluu. Mama amekaa kwenye benchi na miwani yake, anamwambia kila mpita njia aina ya kila ndege anayepita juu, hata wale ambao hakuulizwa. Nahodha anapiga honi.

Kuna neno niliwahi kuliandika Machi na kulitia jikoni. Leo naliandika tena, na hili silichomi.

Njoo.

Kaisu